Kipa aguswe au asiguswe: kanuni tatu za kupima kabla ndondo haijaanza

Mwaka jana, kwenye ndondo, yaani mashindano ya soka la mtaani, hapa Mtwara mjini, ilipigwa kona dakika za mwisho. Mshambuliaji mmoja alimgeuzia kipa mgongo akajibana naye, mpira ukapita juu ya vichwa vyao wote wawili ukazama ndani. Refa akaonyesha kati, yaani ni goli. Mchezo ulisimama zaidi ya nusu saa.

Nilikuwa nimekaa meza ya kamati, nikawasikia wote. Kocha wa waliofungwa alishikilia kwamba kipa haguswi ndani ya sita, lile boksi dogo la yadi sita mbele ya goli. Nahodha wa waliofunga akajibu kwamba kipa alikuwa hajashika mpira, kwa hiyo ni mchezaji kama wengine. Mzee mmoja, mchezaji wa zamani, akasema enzi zao kipa alikuwa akipigwa kikumbo na mpira wake mkononi, na goli linahesabiwa. Baadaye nilikaa nikafuatilia, nikakuta kila mmoja wao alikuwa na kipande cha ukweli. Sisi kamati ndio tulikosea, maana hatukuwahi kuwaambia tunacheza kwa kanuni ipi.

Kwa hiyo ninawaandikia wenzangu wanaoandaa ndondo, bonanza na mechi za shule huku Kusini, hasa sasa ambapo msimu wa korosho unakaribia na kila mtaa unatafuta jezi. Nimedaka mchangani miaka mingi. Kidole changu cha pete, mkono wa kushoto, hakikunjiki mpaka leo. Niliuwahi mpira chini, kiganja juu, mchanga chini yake, na daluga likashuka. Refa alisema sikuwa nimeukumbatia, basi haikuwa faulo. Jambo hili naliandika nikiwa na kidole hicho, ila nitajitahidi kuwatendea haki na washambuliaji.

Vitu vya kupima kwanza

Kabla hujachagua, angalia mambo matano: mwili wa kipa uko salama kiasi gani, mshambuliaji anabakiwa na haki gani ya kugombea mpira, refa uliyenaye anaweza kuona nini, uwanja wenu ukoje, na wachezaji hao wanaelekea wapi baada ya mashindano yenu.

Katika hayo matano, uwanja ndio unaosahaulika, na kwetu ndio wenye uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye viwanja vya pwani, kuanzia Mikindani mpaka Kilwa Masoko, mpira ukidondoka mchangani unakufa palepale. Haumfuati kipa. Lazima aufuate yeye, ajitupe, na mshambuliaji naye anakuja mbio kwa sababu anajua mpira umesimama. Hapo ndipo vidole na mbavu vinapoumia. Bara, kama Masasi au Nachingwea, udongo ukikauka kiangazi unakuwa mgumu, mpira unadunda juu, ugomvi unahamia hewani, na kipa anayegongwa akiwa hewani anarudi chini kwenye ardhi isiyo na huruma. Kanuni ileile, ajali tofauti.

Kanuni ya kwanza: sheria ya 12 kama ilivyo kitabuni

*Inasema nini.* Hii ni sheria ya faulo kwenye kitabu cha sheria za soka. Ndiyo ya Ligi Kuu, ndiyo waliyochezea Ndanda pale Nangwanda Sijaona na ndiyo wanayochezea Namungo wa Ruangwa. Kiini chake ni kifupi: kipa akiwa ameumiliki mpira kwa mkono, mpinzani haruhusiwi kumwendea kuugombea. Kazi iko kwenye neno "kuumiliki". Sheria inahesabu kwamba anao mpira ukiwa kati ya mikono yake, au kati ya mkono wake na kitu kingine kama ardhi au mwili wake mwenyewe. Anao pia akiugusa kwa sehemu yoyote ya mkono, isipokuwa kama umemgonga kwa bahati tu au alikuwa anaokoa. Akiwa ameubeba juu ya kiganja kilichofunguka, anao. Akiudundisha au kuurusha juu, bado anao.

Kwa hiyo kiganja kimoja juu ya mpira uliolala mchangani kinatosha. Si lazima aukumbatie. Nilijua hilo miaka mingi baada ya kidole kuvunjika.

Kumzuia kipa asiuachie mpira, au kuupiga wakati anauachia, ni adhabu isiyo ya moja kwa moja, ile ambayo goli halihesabiwi mpaka mpira umguse mchezaji mwingine. Ukimpiga au kumgonga yeye mwenyewe ni faulo ya moja kwa moja, ambayo mpigaji anaweza kufunga papo hapo, na kadi inategemea uzito: uzembe wa kawaida hauna kadi, kutojali usalama wa mwenzako ni njano, nguvu za kupita kiasi ni nyekundu.

Nje ya hapo, kipa ni mchezaji kama wengine. Sheria ya sasa haina mstari hata mmoja unaosema kipa haguswi ndani ya sita. Akipangua shuti na mpira ukabaki chini, ni wa yeyote atakayeuwahi.

*Mwili wa kipa.* Analindwa vizuri akishaumiliki mpira, na analindwa kidogo sekunde moja kabla. Hata kwenye viwanja vya nyasi nzuri sekunde hiyo ni ya hatari. Tarehe 14 Oktoba 2006 Petr Čech wa Chelsea aligongwa na goti la mshambuliaji wa Reading mwanzoni kabisa mwa mechi, fuvu likapasuka, na tangu hapo akawa anadaka na kofia ya kinga.

*Haki ya mshambuliaji.* Ni kamili. Anaweza kuruka na kipa, kumpiga kikumbo cha bega kwa bega mpira ukiwa unagombewa, kufuata kila kilichotemwa. Asichoruhusiwa ni kumzuia kipa bila nia ya kuucheza mpira.

*Jicho la refa.* Hapa ndipo kanuni hii inapodai mtu hasa. Chukua ile kona yetu. Kila mchezaji ana haki ya mahali aliposimama, hivyo kama yule kijana alikuwa pale tangu mwanzo na kipa ndiye aliyemjia, goli ni halali. Kama alisogea kumkata njia na wakagusana, ni faulo ya moja kwa moja. Tofauti ni hatua moja au mbili, katikati ya watu kumi na wawili, vumbi limetanda. Refa mmoja asiye na wasaidizi ataipata kwa kubahatisha.

*Uwanja.* Kanuni hii haina shida na mistari ya boksi dogo, na hilo ni faida kubwa mchangani. Inahitaji tu boksi kubwa lijulikane, ili kipa asidakie nje.

*Inawafaa* vijana wanaotaka kufika mbali na mashindano yenye waamuzi watatu waliofunzwa.

Kanuni ya pili: boksi dogo ni ngome ya kipa

*Inasema nini.* Ndani ya ile sita, kipa haguswi kabisa, awe na mpira au hana. Mshambuliaji anaweza kuingia, anaweza kuucheza mpira, ila mwili wake ukiugusa wa kipa, filimbi. Nje ya boksi dogo inarudi sheria ya kawaida.

Wengi wanaamini hii ndiyo sheria yenyewe, na wana sababu. Mpaka kitabu kilipoandikwa upya mwaka 1997, sheria ya 12 ilikataza kumpiga kipa kikumbo ndani ya boksi lake dogo. Lakini ilikuwa na mwanya: akiwa ameushika mpira, au akimzuia mpinzani, kikumbo kiliruhusiwa. Yule mzee wa ndondo yetu alisema kweli tupu. Fainali ya Kombe la FA la Uingereza mwaka 1958, Nat Lofthouse wa Bolton alimsukuma kipa Harry Gregg wa Manchester United pamoja na mpira mpaka ndani ya goli, goli likakubaliwa, Bolton wakashinda 2-0. Mwaka mmoja kabla yake, kwenye fainali ya kombe hilohilo, kipa Ray Wood wa Manchester United aligongwa na Peter McParland wa Aston Villa akavunjika mfupa wa shavu. Wachezaji wa akiba hawakuwepo wakati ule, ikabidi beki Jackie Blanchflower avae glovu. McParland ndiye aliyefunga magoli yote mawili ya Villa, 2-1.

Kwa hiyo hii ngome ya mtaani si sheria ya zamani iliyorudishwa. Ni sheria ya zamani iliyozibwa ule mwanya, na mimi naona ni bora kuliko mama yake.

*Mwili wa kipa.* Unalindwa vizuri sana kwenye kona na krosi. Akitoka nje ya boksi dogo kuufuata mpira uliokufa mchangani, ngome imebaki nyuma, na mshambuliaji anajua.

*Haki ya mshambuliaji.* Inapungua, lakini haifi. Tatizo ni kipa mjanja anayejifunza kujirusha kwa mshambuliaji aliyesimama kimya ili apewe faulo. Nimemwona kipa mmoja akifanya hivyo mara nne katika mechi moja, na mara zote nne filimbi ikalia. Dawa yake iandikwe ndani ya kanuni: faulo ni ya aliyeanzisha mgusano. Bila maneno hayo, msiitumie kanuni hii.

*Jicho la refa.* Rahisi. Swali linabaki moja: waligusana ndani ya boksi au la? Refa mmoja anaweza, na watazamaji wanaweza kuona pamoja naye. Kwa ndondo ambayo watu wamesogea mpaka mstarini, hilo linapunguza joto kuliko hotuba yoyote ya mgeni rasmi.

*Uwanja.* Udhaifu wote uko hapa. Boksi dogo linaanzia mita 5.5 kutoka kila nguzo na kuingia uwanjani mita 5.5, kwa goli la upana wa mita 7.32, linakuwa na upana wa mita 18.32. Pimeni kwa kamba, msikadirie kwa hatua. Kisha linalofuata ni kulifanya lionekane. Chokaa juu ya mchanga inafutwa na miguu kabla ya mapumziko. Mfereji wa kuchora kwa kijiti unafukiwa hata mapema zaidi. Kamba iliyopigiliwa vigingi msijaribu, inakwaza watu. Kilichotufaa sisi ni vijiti viwili virefu vyenye kitambaa kila upande wa uwanja, nje ya mistari ya pembeni, mita 5.5 kutoka kona. Refa akisimama sawa na vijiti, anauvuta mstari kwa macho. Wakati wa mapumziko, kijana mmoja anarudishia chokaa. Kama hamna mtu wa kazi hiyo, kanuni hii itawaletea ugomvi mpya mahali pa ule wa zamani.

*Inawafaa* watu wazima wa mtaani, refa mmoja, kombe lenye zawadi na presha.

Kanuni ya tatu: kipa haguswi ndani ya 18

*Inasema nini.* Ndani ya boksi kubwa lote, yaani yadi 18 au mita 16.5, hakuna kumgusa kipa. Akiutia mkono mpira, hata kidole, mshambuliaji anasimama. Kuteleza kumwelekea kipa ni marufuku, hata ukiupata mpira.

Kitabu kinaviruhusu vyama vya nchi kubadili baadhi ya mambo kwa watoto, maveterani na soka la mtaani: ukubwa wa uwanja, ukubwa wa mpira, muda wa mchezo, mchezaji aliyetoka kurudi. Hili la kumgusa kipa halimo. Ukilitumia, jua ni makubaliano yenu, na mwamuzi mwenye cheti ana haki ya kukwambia hachezeshi hivyo.

*Mwili wa kipa.* Hakuna inayomlinda zaidi. Kwa mtoto wa miaka kumi anayedaka bila glovu kwenye goli la miti, sioni hoja ya kumpa pungufu ya hapo. Ila ulinzi huu una upande wa pili. Kipa mkubwa akijua haguswi, anaanza kutoka na magoti mbele. Mwaka 1982, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Sevilla, kipa wa Ujerumani Magharibi Toni Schumacher alimvamia Patrick Battiston wa Ufaransa, akamtoa meno na kumwacha amezimia, na haikutolewa hata faulo. Kwa hiyo andikeni waziwazi kwamba kipa naye hamgusi mshambuliaji. Akimvamia, ni penalti.

*Haki ya mshambuliaji.* Ndogo. Mpira uliotemwa, ambao ndio chakula cha washambuliaji wengi wa mchangani, unapotea. Mechi zinaisha 0-0 zaidi, na vijana wenye njaa ya goli wanalalamika. Wana haki ya kulalamika.

*Jicho la refa.* Hata mwalimu asiyewahi kushika filimbi anaweza.

*Uwanja.* Boksi kubwa likijulikana, inatosha.

*Inawafaa* watoto wa shule ya msingi, maveterani, na bonanza za watumishi ambapo kila mtu Jumatatu anatakiwa kazini. Haiwafai vijana wanaokaribia mashindano makubwa. Kipa aliyelelewa kwa kanuni hii akifika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, anakutana na kikumbo cha kwanza cha maisha yake, na hajafundishwa kupiga kelele "wangu!", kuinua goti kujikinga bila kumuumiza mwenzake, wala kuuficha mpira kifuani akishadaka.

Yasiyobadilika kwa kanuni yoyote

Kipa aliyegongwa kichwa atoke, hata akisema yuko sawa. Kwa hiyo kila timu isajili kipa wa pili. Kwa majeraha mengine, sheria inamruhusu kipa kutibiwa uwanjani bila kulazimika kutoka, refa asimharakishe.

Na kwa kuwa tunampa kipa ulinzi, asiutumie kuua muda. Tangu Julai 2025 sheria inampa sekunde nane za kukaa na mpira mikononi, refa akihesabu tano za mwisho kwa mkono ulioinuliwa. Akizidisha, wapinzani wanapata kona. Wengi mtaani bado wanataja sekunde sita na adhabu isiyo ya moja kwa moja. Hiyo imepitwa.

Chagua kwa hali yenu

Kama mna waamuzi watatu waliofunzwa na timu zina vijana wa kati ya miaka 15 na 20, chukueni ya kwanza. Wapeni makipa mazoezi ya kugombea mpira wa juu wiki kadhaa kabla, na refa azungumze na manahodha kuhusu kona kabla ya mechi ya kwanza, akiwaonyesha kwa vitendo nini ni kusimama na nini ni kuzuia.

Kama ni ndondo ya mtaa, refa mmoja, watu wamejaa, na mna mtu wa kutunza mistari, ya pili itawatuliza. Hakuna wa kutunza mistari? Iacheni. Chagueni kati ya ya kwanza na ya tatu kwa kuangalia umri na hasira za wachezaji.

Shule ya msingi, maveterani, wafanyakazi: ya tatu. Kwa shule, mwaka wa mwisho kabla watoto hawajaenda sekondari, anzeni kuwaingiza kwenye ya kwanza kidogokidogo mazoezini, mkianza na mpira wa chini.

Kama mnaalika timu kutoka wilaya nyingine, tuseme mnatoka Lindi mjini na wageni wanatoka Newala, msidhani wanacheza kama nyinyi. Tumeni kanuni kwa maandishi pamoja na ratiba, na kikaoni kila nahodha aisome kwa sauti. Sauti yake mwenyewe inamzuia kusema baadaye kwamba hakujua.

Mkisita kati ya mbili, ichukueni ile kona yetu mwiulize kila kanuni. Ya kwanza ingemwachia refa aamue kama kijana alisogea. Ya pili ingeangalia nani alianzisha mgusano ndani ya boksi dogo. Ya tatu ingelikataa goli palepale. Jibu ambalo kamati yenu inaweza kulitetea mbele ya timu zote mbili, siku ya fainali, ndilo lenu.

Sisi msimu huu tunakwenda na ya pili. Vijiti tumeshachonga vinane, na maneno "faulo ni ya aliyeanzisha mgusano" yameandikwa juu kabisa ya fomu ya usajili, kabla ya mahali pa kuandika jina la timu.